Barabara ya Kusini: Siku Moja Unguja kwa Daladala na kwa Miguu

Wageni wengi wa Unguja, hata wanaotoka karibu kama Dar es Salaam na Mombasa, huigawa ziara yao mafungu mawili: Mji Mkongwe kwa historia, ufukwe kwa mapumziko. Katikati hupelekwa kwa gari la kukodi, vioo vimefungwa, kila mtu na simu yake mpaka aambiwe amefika. Hapo katikati ndipo kisiwa kilipo.

Tuanze na miaka. Majumba makubwa yanayopigwa picha mjini, mengi yake ni ya karne ya 19, wakati Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na wakati wa watoto wake waliomrithi. Jumba la Beit al-Ajaib ni la mwaka 1883. Lakini Kizimkazi Dimbani, kijiji cha wavuvi kilichoko kusini kabisa, pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Kwa hiyo anayetoka mjini kwenda shamba hauachi ukale nyuma yake, anaufuata. Barabara ya kusini inakupitisha karibu na shamba la binti wa sultani, karibu na bandari iliyohamwa miaka elfu moja iliyopita na ndani ya msitu wa kima wasiopatikana kiasili pengine popote duniani, ndipo ikufikishe kwenye msikiti huo. Yote yanaingia ndani ya siku moja, kwa nauli ya daladala na miguu yako, ukijua kuipanga siku.

Mpango wenyewe ni huu: alfajiri Mji Mkongwe, asubuhi Jozani na Pete, mchana Kizimkazi, na magharibi uwe umerudi mjini. Usiongeze kituo kingine. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na kwenye ramani inaonekana ndogo, lakini anayetaka kuona Nungwi na Kizimkazi kwa siku moja ataishia kuona barabara tu.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Bahari ya Unguja hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya maji makavu na maji makuu hufika takriban mita nne. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa safari hii hakuna ratiba nzuri kuliko hiyo. Utaifikia mikoko ya Pete maji yakiwa yametoka na mizizi iko wazi, na utafika Kizimkazi bahari ikiwa inapanda, imeshafunika mawe na mwani, tayari kwa mwenye kutaka kuoga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, ila kwa kiasi kidogo. Safari bado inafaa, lakini kwa upande wa kuoga punguza matumaini. Ukitaka uhakika, muulize mvuvi yeyote wa mtaa wa Malindi, hapo mjini, maji ya kesho yatakuwaje. Atakujibu papo hapo.

Usiende Ijumaa. Adhuhuri ya siku hiyo misikiti hujaa, magari hupungua, na si adabu kuutembelea msikiti wa kale wakati wenyewe wanauhitaji. Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, lakini mchana hutapata pa kula vijijini, na kula au kunywa maji hadharani ni kuwakosea heshima waliofunga. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huweza kukukalisha kituoni asubuhi nzima. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndiyo yenye upepo mzuri na jua lisiloumiza sana. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, joto ni kali. Beba maji mara mbili.

Kama unatoka Bara, fika jana yake ulale mjini. Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili, na ukianza safari hii saa tatu au nne asubuhi utakuwa umeshapoteza sehemu yake nzuri.

Vya kubeba na vya kuvaa

Begi moja jepesi la mgongoni linatosha, kwa sababu ndani ya daladala utalipakata. Tia chupa ya maji, kofia, kanga moja, viatu vya kufunga na ndala. Kanga itakuwa mtandio, taulo, na kitambaa cha kukalia. Beba kitambulisho, maana wenyeji na wageni wa nje hutozwa viingilio tofauti. Beba noti ndogondogo pia: konda wa asubuhi hana chenji ya noti ya elfu kumi, na vijijini hali ni hiyo hiyo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, kwa hiyo chakula kitie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Hili si la msikitini tu. Vijiji vya kusini ni makazi ya watu, na nguo za kuogea mahali pake ni majini. Utakavyovaa ndivyo utakavyopokelewa.

Saa 12 asubuhi: Mji Mkongwe ukiwa wa wenyewe

Anzia Forodhani kunapopambazuka. Mbele yako ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Pembeni yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Litazame kwa makini. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini majengo yake ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vitu hivyo vikiachwa bila matunzo huoza. Urithi hapa unahitaji fundi wa chokaa kila mwaka.

Kutoka hapo ingia vichochoroni kupitia Hurumzi kuelekea Kiponda, kisha Mkunazini. Usiogope kupotea. Mji Mkongwe ni mdogo, umezungukwa na bahari pande mbili tatu, na upande uliobaki ni barabara kubwa ya Darajani. Ukienda mbele tu utatokea kwenye kimoja kati ya viwili hivyo. Saa hizi utawakuta watoto wakienda skuli, wanaume wakitoka msikitini, na muuza kahawa akiwa na dele lake la makaa. Kaa barazani, agiza kikombe na kashata. Salimu kwanza, ndipo uulize njia. "Assalamu aleikum" haikosei mahali, na kwa mtu mzima ongeza "shikamoo".

Tazama milango unapopita. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye maandishi ya Kiarabu, unafuata mtindo wa Kiomani. Wenye upinde juu mara nyingi ni wa mafundi na wateja wa Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba ilikuwa fahari ya mwenye nyumba.

Mkunazini simama mbele ya Kanisa Kuu la Kianglikana. Hapa palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Kanisa lilianza kujengwa mwaka huo huo chini ya uongozi wa Edward Steere, askofu ambaye pia aliandika vitabu vya kufundishia Kiswahili. Uani pana mnara wa kumbukumbu: sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Mahali hapa panataka saa nzima na moyo uliotulia. Kama hukuingia jana yake, leo pita nje tu, upawekee siku yake.

Malizia Darajani. Mahali penye barabara palikuwa hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla halijafukiwa. Soko lake ni la mwaka 1904. Pita upande wa samaki, kisha kunywa chai ya nguvu: chapati au mkate wa ufuta na maharage ya nazi, au supu ya pweza. Nunua ndizi na machungwa ya njiani. Chakula kingine cha uhakika utakipata mchana.

Saa 2 asubuhi: kupanda gari la shamba

Kila njia ina namba, na namba huandikwa mbele pamoja na jina la mwisho wa safari. Kizimkazi ni 326. Magari ya 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi na 324 ya Bwejuu nayo hupita Jozani, kwa hiyo kwa kipande cha kwanza panda lolote linalotangulia kujaa.

Kwa miaka mingi magari ya shamba yalikuwa yakipanga foleni Darajani, mbele ya soko. Ujenzi wa miaka ya karibuni umevihamisha vituo, kwa hiyo usifuate maelekezo ya mtu aliyekuja zamani. Jioni ya kuamkia safari muulize mwenyeji wako: "Gari za Kizimkazi siku hizi zinapakia wapi?" Swali hilo moja litakuokolea nusu saa ya kuzunguka.

Gari halina saa ya kuondoka. Linaondoka likijaa, na kujaa kwake kuna utaratibu. Mengine ni mabasi madogo ya kawaida, mengine ni malori yaliyojengewa bodi ya mbao, mabenchi marefu pembeni, pande zote wazi kwa upepo. Konda hupanga mizigo kwanza: magunia ya unga juu ya paa, baiskeli pia, ndoo za samaki chini ya miguu ya wenyewe, mkungu wa ndizi palipobaki. Kisha hupanga watu. Mama mwenye mtoto huketi mwanzo. Mzee huinukiwa bila kuombwa. Kila anayeingia husalimia gari zima, na gari zima humjibu. Wewe nawe fanya hivyo, kisha mwambie konda mapema: "Utanishusha Jozani." Kuanzia hapo safari yako si siri, abiria watakushusha hata kama konda amesahau.

Nauli muulize abiria uliyekaa naye, si kwa kumshuku konda bali kwa kuwa jibu lake ndilo mwanzo wa mazungumzo. Ukiweza kuchagua, kaa upande wa kulia: asubuhi jua hupiga kushoto.

Njiani: kusoma kisiwa kutoka benchini

Mjini hadi Jozani ni kama kilomita 35. Kwanza utapita Ng'ambo, karibu na majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mwanakwerekwe ni soko na vumbi la magari. Baada ya hapo mji hulegea, na Tunguu utaona Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Karibu na Bungi barabara huingia chini ya miembe mikubwa ya zamani iliyopandwa safu mbili. Inasimuliwa kuwa aliyeipandisha ni Bi Khole binti Said, binti wa Seyyid Said, ambaye shamba na nyumba yake vilikuwa upande huu, na magofu ya nyumba yapo mpaka leo karibu na bahari.

Mbele kidogo, upande wa kulia, kuna njia ya Unguja Ukuu. Leo ni kijiji cha kawaida, lakini wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta hapo mabaki ya bandari iliyokuwa hai kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, pamoja na vipande vya vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi na China. Huna haja ya kushuka. Inatosha kujua kwamba kabla hapajawa na jumba hata moja Forodhani, meli zilikuwa zikitia nanga hapa.

Sasa tazama ardhi. Karibu na mji udongo ni mzito, minazi na miembe ni mirefu. Kadiri unavyokwenda kusini na mashariki, jiwe la matumbawe linatokeza juu ya ardhi, miti inakuwa mifupi na ya miiba, na mihogo hupandwa kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Wenyewe huita ardhi hii uwanda. Ukiuona mpaka huo kwa macho yako utaelewa kwa nini mashamba ya karafuu yalikaa magharibi na katikati ya kisiwa, na kwa nini watu wa kusini wameishi zaidi kwa bahari, mifugo na kuni.

Saa 3 na nusu: Jozani na Pete

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Lango liko kando ya barabara. Kiingilio kinajumuisha mwongozaji. Mchukue hata kama unajiamini, na mwambie unataka msitu kwanza, kima wa pili, mikoko ya mwisho.

Msitu huu unasimama juu ya maji. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana, na wakati wa mvua njia hufurika. Ndiyo maana mitondoo na michikichi inanenepa hapa wakati hatua chache kutoka hapo kuna kichaka kikavu cha uwandani. Ndani pana kivuli cha kweli, na harufu ya majani mabichi yaliyooza. Paa nunga, paa mdogo aliye hatarini kutoweka, bado yumo, ingawa ni nadra kumwona. Chui wa Unguja hajulikani tena kama yupo.

Kima punju ndiye mwenyeji anayeonekana. Kiasili anaishi Unguja tu; hesabu iliyofanywa na Wildlife Conservation Society ilikuta wanakaribia 6,000. Simama kimya na umtazame mmoja anavyokula. Mgongo wake ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, na nywele za kichwani zimesimama pande zote. Hana kidole gumba. Hulivuta tawi kwa vidole vinne vilivyokunjwa, akachagua jani changa, akaacha lililokomaa. Wanaoishi karibu na mashamba hula pia majani ya mkungu, na watafiti wamewaona wakiokota mkaa wa kuni na kuutafuna, jambo linalodhaniwa huwasaidia kupunguza makali ya sumu zilizomo kwenye majani hayo.

Wamezoea watu, na hilo ndilo linalowaponza. Usimpe chakula, usimguse, usimkaribie zaidi ya hatua tatu nne, hata akishuka mwenyewe. Maradhi yetu yanaweza kumwambukiza. Barabarani karibu na lango kuna matuta, na sababu yake ni kwamba kima wengi walikuwa wakigongwa na magari. Ukirudi mjini kwa gari la mtu, mkumbushe dereva apunguze mwendo hapo.

Mikoko ya Pete iko ng'ambo ya barabara, mwendo mfupi kwa miguu. Njia ya mbao inapita juu ya tope. Mnamo saa nne na nusu ya siku ya bamvua utakuta maji yametoka, kaa wadogo wametapakaa, na kila mti unaonyesha ulivyojipanga: mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi iliyopinda juu ya tope, mchu umechomoza vijiti vingi vya kupumulia kuuzunguka. Hapa ndipo samaki wengi wa ghuba huanzia maisha, na boriti ulizoziona asubuhi kwenye dari za Mji Mkongwe zilitoka kwenye mikoko kama hii.

Sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka, kwa mambo kama skuli na visima. Kwa hiyo lipa langoni na udai risiti, usipitishwe kichochoroni na mtu anayekuahidi bei nafuu.

Saa 6 mchana: kuelekea Kizimkazi

Rudi barabarani usubiri 326. Mchana magari huwa machache. Likichelewa, panda 310 ya Makunduchi ushuke njia panda ya Kufile, kutoka hapo Kizimkazi ni kama kilomita tano: subiri gari, chukua bodaboda, au tembea kama jua limepungua. Mbele njia inagawanyika tena, kulia Dimbani, kushoto Mkunguni. Anza na Dimbani.

Ndani ya gari sikiliza. Wazee wa Makunduchi na vijiji vya jirani huzungumza Kikae, na hata anayejua Kiswahili tangu utotoni atalazimika kutega sikio. Ni lahaja hai, na mgeni anayeuliza kwa adabu hufundishwa kwa furaha.

Saa 7 na nusu: msikiti wa Dimbani

Saa hii imechaguliwa kwa makusudi. Sala ya adhuhuri imekwisha, ya alasiri ni mpaka karibu saa kumi kasorobo. Msikiti ni jengo dogo lenye paa la bati, na ukiuangalia kwa nje unaweza kuupita. Mtafute mwangalizi, omba ruhusa, vua viatu, funika kichwa kama ni mwanamke. Akikuambia usubiri, subiri. Acha sadaka kidogo kwa ajili ya matunzo.

Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa ni la ujenzi upya wa karne ya 18. Kilicho cha kale ni ukuta wa kibla. Pembeni ya mihrabu kuna mistari ya maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na yanataja ujenzi wa mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sogea karibu. Herufi zimesimama wima, nyembamba, na kila moja inapofika juu inajikunja kuwa jani au fundo. Matumbawe yanapotolewa baharini huwa laini na huchongeka, kisha hukauka yakawa magumu. Mchongaji alikuwa na muda mfupi wa kufanya kazi hiyo, na hakukosea mkono. Wataalamu wameyafananisha maandishi haya na kazi za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Usiyaguse. Jasho la vidole vya wageni wengi hula jiwe polepole.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapokamilika. Ngome uliyoianzia asubuhi ni changa kuliko ukuta huu kwa karibu miaka mia sita. Na tofauti na ngome, hapa bado panatumika kwa kazi ile ile iliyokusudiwa.

Saa 8: Mkunguni, chakula na bahari

Shuka kwenye hori la Dimbani lenye ngalawa, kisha tembea kwenda Kizimkazi Mkunguni, nusu saa au zaidi kidogo, kwa njia ya kijiji. Utapita mibuyu, kuta za mawe za kuzuia mbuzi, na watu barazani ambao salamu zako watazijibu kwa kirefu. Hapa Kizimkazi ndipo alipozaliwa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 1960, na wenyeji hawatakuacha uondoke bila kukuambia.

Kula kwenye mkahawa wa kijiji: wali, mchuzi wa samaki wa siku hiyo, na kachumbari. Agiza mara unapofika, maana chakula hupikwa kwa kuagizwa, kisha ingia baharini wakati kinaiva.

Utapata vijana wanaokualika kwenda kuwaona pomboo. Bahari hii ni sehemu ya Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai, lililoanzishwa mwaka 1997. Hadi miaka ya 1990 pomboo wa hapa walikuwa wakivuliwa ili wawe chambo cha papa. Leo utalii umewapa thamani wakiwa hai. Lakini tafiti za hapa hapa zimeonyesha kuwa mashua nyingi zinazowafukuza huwanyima muda wa kupumzika na kula. Ushauri wangu ni kuiacha mashua siku hii. Ukitaka kwenda, rudi siku nyingine mapema asubuhi, chagua nahodha anayekubali kupunguza moto na kukaa mbali, na usiruke majini mbele yao.

Saa 9 na nusu: kurudi

Hili ndilo sharti gumu kuliko yote: ukifika tu Kizimkazi, kabla ya msikiti na kabla ya chakula, uliza gari la mwisho la mjini linaondoka saa ngapi, na uwaulize watu wawili. Alasiri magari ya kurudi hupungua haraka, kwa sababu watu wengi wa shamba huenda mjini asubuhi na kurudi kwao jioni, kinyume na wewe. Ifikapo saa tisa na nusu uwe kituoni. Ukilikosa, nenda Kufile kwa bodaboda ukadake la Makunduchi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza halikawii.

Ukifika mjini kabla ya magharibi, utapata Forodhani ikiwashwa taa. Urojo, mishikaki na juisi ya miwa vitatosha kufunga siku. Uliza bei kabla ya kuchagua samaki.

Barabara nyingine, siku nyingine

Ukiwa na siku ya pili, shika kanuni ile ile: siku moja, barabara moja. Panda 502 mpaka Bububu, kisha tembea kilomita tatu hivi katikati ya mashamba ya viungo mpaka mahamamu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Au panda 116 ya Nungwi ukawatazame mafundi wa majahazi.

Popote utakapokwenda, fedha yako igawe njiani: nauli kwa konda, kiingilio langoni, machungwa kwa mama wa kituoni, wali kijijini, sadaka msikitini. Watalii wanaoletwa kwa magari ya kukodi hulipia karibu kila kitu mjini kabla hawajaanza safari, na vijiji vilivyotunza msitu, mikoko na maandishi hayo ya 1107 hupata kidogo sana. Anayekwenda kwa daladala na kwa miguu hulipa mkono kwa mkono, kwa wale wale waliomfikisha na kumpokea.